Wasomaji Wanauliza: Kutoka kaunta ya dawa hadi ubunifu wa kidijitali wa vipodozi

Mwezi huu maswali yanajibiwa na mbunifu wa kidijitali ambaye kabla ya hapo aliuza vipodozi kaunta kwa miaka 11.

SWALI

Dada, shikamoo. Nina miaka 37, ni msaidizi wa mfamasia, na nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa kwa miaka 12. Nusu ya wanaonijia hawana karatasi ya daktari mkononi, wanataka krimu. Ipi haitaniletea chunusi? Ipi naweza kupaka nikiwa mjamzito? Hii na hii nizichanganye? Mwaka jana nilianza kujifunza Figma, programu ya kubunia kurasa za mtandao na za simu, usiku, watoto wakishalala, na kwa kufuata mafunzo ya video nimechora programu ya kuita teksi na nyingine ya hali ya hewa. Ninachokitaka hasa ni kuwa mbunifu wa kidijitali katika kampuni za vipodozi: kurasa za bidhaa, programu za simu, matangazo ya mtandaoni. Mume wangu ananiunga mkono. Kaka yangu anasema nimechelewa, hiyo ni kazi ya vijana waliosomea sanaa, na kabla sijaajiriwa akili mnemba itakuwa imeshaimaliza. Sijui kuchora hata uso wa mtu. Je, nitafute shahada? Niache kazi nijifunze kwa nguvu zote? Na nikiitwa kwenye usaili, hiyo miaka 12 niitaje au niinyamazie?

*Msaidizi wa mfamasia*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonifanya niichague barua yako. Itaje. Iweke juu kabisa ya wasifu wako, kabla ya Figma na kabla ya kozi yoyote. Mimi ya kwangu niliificha, na nililipa kwa kuificha.

Nilipoamua kuhama nilikuwa na miaka 38. Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kumtazama mteja usoni, kumchorea mistari 3 ya faundesheni kwenye taya, kumsogeza mlangoni penye mwanga wa jua, kisha kumwomba asubiri kidogo, kwa sababu faundesheni nyingi hugeuka rangi kidogo zikishakauka na kukutana na mafuta ya ngozi. Nilidhani hayo ni mambo ya dukani, hayana nafasi mbele ya watu wa kompyuta. Nikayafuta yote. Nikaandika jina la kozi niliyosoma na orodha ya programu ninazozijua. Miezi 7 simu haikulia. Waajiri walikuwa na marundo ya wasifu wa namna hiyo hiyo, tena wa vijana waliozijua programu hizo kunishinda.

Kazi ya kwanza niliipata kwa mkataba wa miezi 3, kutengeneza mabango ya matangazo katika kampuni moja ya vipodozi. Wiki ya tano nikapewa ukurasa wa faundesheni yenye toni 24, niupange upya uenee kwenye simu. Nikaufungua. Vile viduara vya rangi vilikuwa vimepangika vizuri mno, vinashuka taratibu kutoka nyeupe hadi nyeusi kama ngazi. Nikavitazama toni 6 za mwisho na mwili ukanisisimka. Zilikuwa za kijivu. Rangi ya majivu kabisa. Aliyezitengeneza alichukua picha ya toni moja ya katikati, akaipunguzia mwanga kidogo kidogo kwenye kompyuta mpaka akapata nyingine zote. Lakini ngozi nyeusi haipatikani kwa kuizimia taa ngozi nyeupe. Ina wekundu wake, ina udhahabu wake, nyingine ina ubluu kwa mbali, na anayeivaa anajua.

Nikaenda stoo kuomba chupa zote 24. Nikazipaka kwenye karatasi nyeupe, nikazipaka kwenye mikono ya wenzangu waliokubali, nikapiga picha karibu na dirisha nikiwa nimeweka pembeni kadi ya rangi ya viraka 24, ile ambayo wapiga picha wamekuwa wakiitumia tangu 1976. Siku 2 nzima nilikaa nikirekebisha kiduara kimoja kimoja, kadi ikiwa mezani na mkono uliopakwa ukiwa mbele yangu. Toni ya 21 ilinitesa kuliko zote: kila nikiipa wekundu unaostahili, kwenye simu moja inatoka sawa, kwenye nyingine inatoka kama tofali. Mwisho nikaongeza chini ya kila kiduara maneno machache, "ya kina, yenye wekundu", "ya kina, yenye udhahabu", ili mtu asitegemee skrini peke yake. Ukurasa ulipobadilishwa, mkuu wa huduma kwa wateja alikuja akasimama mezani kwangu, akauliza nimefanya nini, maana malalamiko ya "rangi niliyoletewa siyo niliyoiona" yalikuwa yamepungua. Mkataba wangu ukaongezwa siku hiyo hiyo.

Sasa jiulize, hapo nilitumia nini? Programu yenyewe niliitumia kwa sehemu ndogo sana. Nilitumia jicho nililolipata mlangoni pa duka kwa miaka 11.

Wewe jicho lako limesomea mahali pengine, na naomba uniamini nikisema ni mahali ambako wabunifu wengi wa vipodozi hawajawahi kufika. Unasoma lebo. Unajua kwamba orodha ya viambato huanza na kilicho kingi na kushuka. Chini ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223 ya 2009, vile visivyofika asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote baada ya vingine. Kwa hiyo ukiona kampuni inataka kutangaza kwa herufi kubwa kiambato kilichoandikwa mkiani mwa orodha, wewe utainua mkono. Unajua ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye 12M maana yake nini, kwamba bidhaa itumike ndani ya miezi 12 tangu ifunguliwe, na ingefaa iwepo hata kwenye programu ya simu. Unajua kwamba losheni ya kukinga jua ni kipodozi katika Umoja wa Ulaya lakini Marekani inasimamiwa kama dawa isiyohitaji cheti. Chupa ile ile inaweza kuhitaji kurasa 2 zenye maneno tofauti. Kijana wa miaka 23 aliyesomea sanaa atahitaji kuelezwa jambo hili mara 3. Wewe umeishi nalo.

Kuna kanuni nyingine ya Ulaya, namba 655 ya 2013, inayotaka madai ya kipodozi yawe ya kweli na yenye ushahidi. Mbunifu anaingiaje hapo? Anaingia kwa sababu yeye ndiye anayeamua ile nyota ndogo inayosema "kwa mujibu wa maoni ya watumiaji kadhaa" itakaa wapi na itakuwa na ukubwa gani. Nimekaa kwenye vikao ambako kila mtu alikuwa akibishana kuhusu waridi iliyopauka na waridi iliyoiva, na hakuna aliyeuliza dai lililo juu ya picha linasimama juu ya nini. Kiti hicho ni chako.

Twende kwenye jalada lako la kazi. Programu ya teksi na ya hali ya hewa ziondoe. Hazina kosa, ila kila aliyefuata video ile anazo. Chukua yale maswali 3 uliyoniandikia mwenyewe na ufanye kazi moja kubwa juu ya lile la mjamzito. Fungua kurasa za bidhaa zenye retinoli, ambazo wajawazito hushauriwa kuziepuka, uone tahadhari hiyo imewekwa wapi. Mara nyingi utaikuta ndani ya kisanduku kilichokunjwa, chini ya viambato, chini ya namna ya kutumia, mahali ambapo kidole kinachoharakisha hakifiki. Mteja wako wa dukani alikuuliza kabla ya kulipa. Kwa nini wa mtandaoni aambiwe baada ya kulipa? Chora ukurasa ambao tahadhari inakaa jirani na kitufe cha kununua, kwa maneno unayoyatumia kaunta, na bado ukurasa unapendeza, bado bidhaa inavutia. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yetu. Ukurasa wa kutisha ni rahisi kuuchora, na ukurasa wa kubembeleza ni rahisi vilevile. Unaomheshimu mtu huku ukimuuzia unataka kurudiwa mara nyingi. Onyesha michoro yote iliyoshindwa, andika chini yake kwa nini ilishindwa, na andika maswali halisi uliyoulizwa bila kutaja jina la mteja yeyote.

Ukimaliza hiyo, fanya nyingine 2 ndogo. Moja iwe ya toni za rangi. Fenty Beauty ilipoingia sokoni Septemba 2017 na toni 40 za faundesheni, wengi waliiangalia kwa upande wa bidhaa, nami nilikuwa nawaza wabunifu: viduara 40 vinakaaje kwenye kioo kinachoshikwa kwa mkono mmoja? Apple inashauri sehemu ya kugusa iwe walau pointi 44 kwa 44, na mwongozo wa Android unataka 48. Pima, utaona kwamba 40 zinakula sehemu kubwa ya skrini kabla hujaweka picha, maelezo na kitufe cha kununua. Utazigawa kwa makundi? Utamuuliza mtu maswali kwanza? Jaribu njia kadhaa uwape ndugu zako simu, kisha kaa kimya uangalie vidole vyao. Kazi nyingine ndogo iwe ya maandishi. Sekta hii inapenda herufi nyembamba za kijivu juu ya waridi hafifu, na mama wa miaka 55 anayetafuta krimu ya ngozi yake hawezi kuzisoma. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa za mtandao kutumika na watu wote, unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Chukua ukurasa mmoja wa kubuni, uutengeneze upya ufikie kiwango hicho na uendelee kuwa mpole machoni. Inawezekana, nimefanya mara nyingi, ingawa mara ya kwanza utatamani kulia.

Kuchora uso hakuhitajiki. Mimi mpaka leo nikichora jicho linafanana na jani. Unachohitaji ni mpangilio wa herufi, rangi, nafasi tupu, na uvumilivu wa kusogeza kitu pikseli 4 kisha ukakirudisha. Shahada pia sikushauri kwa umri na majukumu yako, isipokuwa nchi unayotaka kufanyia kazi inaidai kwa ajili ya kibali. Figma unayoijua inatosha kuanzia, ongeza Photoshop kiasi cha kurekebisha rangi ya picha, na usifungwe na programu yoyote. Photoshop ilitoka 1990, kampuni ya Figma ilianzishwa 2012, na kesho litakuja jina jingine. Jicho utahama nalo.

Usiache kazi. Nakuomba sana. Sababu ya kwanza unaijua, watoto wanakula kila siku. Sababu ya pili ndiyo ninayoitilia mkazo: kampuni hulipia watafiti waende kukaa na wateja kusikia wanachouliza, nawe unakaa nao kutwa nzima. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika maswali 3 uliyoulizwa kuhusu ngozi, kwa maneno yale yale ya muulizaji. Mwisho wa mwaka utakuwa na hazina ambayo hakuna kozi inayoiuza. Mimi nilisoma usiku kwa mwaka mmoja na nusu kabla ya kuaga kaunta, na nilipoaga nilikuwa tayari na mkataba mkononi.

Nikuambie pia lisilopendeza. Kazi za mwanzo huwa ni mabango. Bango moja, vipimo 30: la mraba, la wima, la simu, la barua pepe, lenye punguzo, lisilo na punguzo. Utabadilisha chupa ile ile mahali pake mpaka uiote. Bosi wako anaweza kuwa mdogo kwako kwa miaka 10, na atakuwa anajua vitu usivyovijua. Mwite kwa heshima, muulize, umsikilize. Mshahara wa kuanzia unaweza kuwa chini ya unaoupata sasa, kwa hiyo pangeni na shemeji mapema, mkiwa na hesabu mezani.

Na kaka yako umjibu hivi kuhusu akili mnemba. Ni kweli inachora mabango, na sehemu ya kazi niliyoanzia mimi itafanywa nayo. Lakini muulize nani atakayeikagua. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti wa mifumo ya kompyuta inayotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi mifumo hiyo ilikosea hadi asilimia 34.7, na kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikufika hata asilimia 1. Mwaka huo huo L'Oréal iliinunua ModiFace, kampuni ya teknolojia ya kujaribu rangi ya mdomo usoni kwa kamera ya simu. Unaona vitu hivyo 2 vinakutana wapi? Kamera zinazidi kuwa kioo cha kujipambia, na kioo hicho kinahitaji mtu wa kusema "hapa kwa ngozi hii kinadanganya". Tangu 2022 kuna kipimo cha Monk chenye toni 10 za ngozi, kilichotolewa kwa ushirikiano na Google. Kabla yake wengi walitegemea kipimo cha Fitzpatrick kilichoanza 1975, ambacho sasa kina makundi 6 na ambacho kilitengenezwa kupima ngozi inavyoitikia jua, hakikukusudiwa kuchagulia mtu faundesheni. Jifunze toni hizo 10, na kila ukurasa unaochora uujaribu kwa nyuso za toni zote.

Pia picha ya uso uliotengenezwa na kompyuta haijawahi kupakwa krimu yoyote. Kuiweka chini ya maneno "baada ya wiki 4" ni kumwambia mteja jambo ambalo halijatokea. Wewe uliyezoea kumtazama mgonjwa machoni unapompa dawa, najua hutaliruhusu lipite.

SWALI

Habari za kazi, dada. Mimi ni kijana wa miaka 26, nimekuwa nikitengeneza mabango na nembo kwa miaka 4. Nimepata nafasi ya usaili katika kampuni ya rangi za mdomo na wanja. Marafiki wananicheka kwamba ni kazi ya wanawake. Mimi naona ni kazi nzuri, ila naogopa nitaonekana sijui lolote. Nijiandaeje kwa wiki 2?

*Mbunifu wa mabango*

JIBU

Nzuri, mdogo wangu. Wanaokucheka waache. Baadhi ya wapambaji na wapiga picha mahiri niliofanya nao kazi ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini yupo pale.

Hofu yako ya pili ina msingi, na dawa yake ni kugusa. Tafuta rangi za mdomo 5 za aina tofauti: isiyong'aa, ya mafuta, ya kimiminika, ya krimu, ya kung'aa. Zipake kwenye mkono wako kwa mstari mmoja mmoja. Zitazame zikiwa mbichi, zitazame baada ya dakika 10, kisha jaribu kuzifuta kwa kitambaa kikavu. Utaona ya kimiminika inakakamaa na kupasuka vijistari ngozi ikikunjwa, ya kung'aa inanata na kuakisi dirisha zima. Hayo ndiyo unayopaswa kuyaonyesha kwenye skrini. Ukichora rangi 5 hizo kama viduara 5 vilivyojazwa rangi tupu, umemnyima mteja nusu ya anachotaka kujua. Piga picha za mistari hiyo kwa mwanga wa ubavuni ili unene wake uonekane, uzipange kwenye ukurasa mmoja, uende nao kwenye usaili.

Mwombe pia dada au shangazi yako akuruhusu umtazame anapojipamba asubuhi, bila kumhoji. Angalia anashika simu kwa mkono upi na mkono wenye wanja unafanya nini. Anayefuata maelezo ya kupaka wanja hana kidole cha kubonyeza. Ukilisema hilo mbele ya wasaili, watakusikiliza.

SWALI

Shikamoo dada. Nilikuwa mpambaji wa maharusi, sasa nina miezi 8 kama mbunifu katika kampuni ndogo ya krimu za uso. Nimefurahi sana kuhama, ila kuna jambo linaninyima usingizi. Meneja amenipa picha ya mwanamitindo aliyetumia krimu yetu ya unyevu, akaniambia nifute vinyweleo vyote na "nimwangaze kidogo". Nilipomaliza ngozi ilikuwa imepanda toni 2 au 3. Wenzangu wanasema kila kampuni inafanya hivyo. Nimekuambatanishia picha ya asili uone. Nifanyeje bila kuonekana mjuaji?

*Mpambaji*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kukosa usingizi kwa jambo hili si udhaifu, na sitaki uuzoee.

Kwanza tenganisha mambo 2 yaliyochanganywa kwenye maagizo uliyopewa. Kuna kusafisha picha: vumbi kwenye kopo, unywele uliopita mbele ya jicho, doa la lenzi. Hilo fanya bila wasiwasi. Kisha kuna kuligusa lile ambalo bidhaa inadai kulifanya. Ukiuza maskara, usiongeze kope. Ukiuza krimu ya uso, usiguse ngozi. Huo ndio mstari wangu, na haunisumbui tena kwa sababu niliuchora mara moja.

Kwa meneja usiende na hoja ya dhamiri peke yake, nenda na ya kazi pia. Julai 2011 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza, ASA, ilizuia matangazo 2 ya faundesheni ya chapa za L'Oréal, Lancôme na Maybelline, kwa kuwa kampuni haikuweza kuthibitisha kwamba uhariri wa picha haukutia chumvi matokeo. Februari 2021 mamlaka hiyo hiyo ikasema filta za mitandao ya kijamii zisitumike kwenye tangazo la kipodozi kama zinakuza matokeo yake. Norwe, tangu Julai 2022, tangazo ambalo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imehaririwa lazima lipigwe alama. Kampuni yenu ni ndogo leo, lakini kila meneja anatamani kuuza nje, na picha hiyo itawafuata.

Kuhusu kumpandisha toni, hapo sina lugha laini. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa macho na meno tu. Ni miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Leo kamera inaweza kuiona ngozi ile vizuri kabisa, kisha sisi kwa mkono wetu tuifute? Huyo dada alikaa mbele ya taa, akalipwa kwa sura yake. Mteja mwenye rangi yake atakapoiona picha, ajione yeye.

Mimi niliwahi kukataa agizo la namna hiyo, katika kampuni nisiyopenda kuitaja. Nilitolewa kwenye mradi ule, nikarudishwa kwenye mabango kwa miezi 2. Iliniuma. Kazi sikufukuzwa, na mradi uliofuata niliupata. Siwezi kukuahidi kwamba kwako itakuwa hivyo hivyo, unawajua watu wako kuliko mimi. Ndiyo maana nakushauri uanze na pendekezo badala ya kukataa.

Tengeneza nakala 2. Ya kwanza iwe kama alivyoagiza. Ya pili isafishwe vumbi tu, rangi irekebishwe kwa ile kadi ya rangi ya viraka 24, na ngozi ibaki. Ziweke sambamba kwenye skrini ya simu, kwa ukubwa ambao mteja ataziona, maana kwenye kompyuta kubwa vinyweleo humtisha meneja, na kwenye simu vinasomeka kama ngozi hai. Kisha vuta karibu shavu la kushoto. Nimeitazama picha ya asili uliyonitumia. Chini ya jicho, pale mfupa unapoinuka, krimu imeshika mwanga, na vinyweleo vinaonekana ndani ya huo mwanga vikiwa vimelowa unyevu. Kwenye nakala iliyofutwa mahali hapo pamebaki weupe mtupu, na krimu yenyewe haipo. Mwonyeshe hapo.